Steve au Master Chief? Njia nne za kupima ugumu wa mhusika wa gemu, na ile ninayoiamini

Ubishi ulianzia kwenye mkeka, mchana baada ya kula. Mpwa wangu wa kidato cha pili alikuwa ameishika simu yangu anacheza Minecraft, gemu ya kujenga kwa bloku ambayo mhusika wake ni Steve, mara akatangaza kama mtu anayetoa habari: "Mjomba, hakuna mgumu kama Steve. Anabeba dhahabu mfuko mzima na bado anaruka."

Nikamwambia hamjui Master Chief, askari wa gemu za Halo. Halo 3 ilipotoka mwaka 2007, ilianza kwa askari huyo kuporomoka kutoka angani hadi porini nchini Kenya, upande wa Voi. Wenzake wanamkuta amelala kwenye udongo uliochimbika, deraya imekakamaa, mmoja anakadiria ameanguka kama kilomita 2. Dakika chache baadaye amesimama, anaendelea na vita.

"Basi piga hesabu, mjomba. Si ulisoma fizikia?"

Nikapiga. Shida ni kwamba nilipata majibu manne, kila njia na jibu lake, na mawili kati yake yalikuwa yanapingana waziwazi. Ninachoandika hapa ni ulinganisho wa njia hizo nne, kwa yeyote atakayejikuta kwenye ubishi kama wetu na hajui ashike ipi.

Kuna kosa moja lililoenea ambalo nalitaja mapema. Mhusika akinusurika jambo, umepata kima cha chini tu: unajua anahimili kiasi hicho, hujui kama angehimili mara kumi yake. Akifa, umepata kima cha juu. Master Chief ametupa kima cha chini peke yake. Steve ametupa vyote viwili, tena vimekaribiana sana, na ndiyo maana ni mhusika mzuri wa kufanyia majaribio. Ana pointi 20 za uhai, ile mioyo 10 inayoonekana chini ya skrini. Akianguka, gemu inahesabu bloku alizoshuka, inatoa 3, na kinachobaki ndicho anachopoteza. Bloku 22 zinamwacha na nusu moyo. Bloku 23 zinamuua. Na kila bloku ina upande wa mita 1, kwa hiyo hata rula tumepewa.

Namba za uhai

Hii ndiyo njia ya haraka: unasoma namba kwenye gemu, unalinganisha, kazi imeisha. Golemu wa chuma, jitu la Minecraft linaloundwa kwa bloku, ana pointi 100, Steve ana 20, basi golemu ni mgumu mara tano. Ndani ya gemu moja sina ugomvi nayo.

Ukivuka mpaka kwenda gemu nyingine haina maana tena. Mario wa Super Mario 64 ana vipande 8 vya uhai; je, Steve ni mgumu kumzidi mara mbili na nusu? Pointi haina kipimo cha dunia. Nilijaribu kuipa kimoja. Kwa kuwa kila bloku inayozidi zile 3 inakula pointi 1, niliichukua pointi kama nishati ya kushuka mita 1. Steve nikampa kilo 75 (gemu haisemi, nimemkadiria kama kijana wa kawaida) na mvutano wa Minecraft, ambao nitaueleza hapo chini, nikapata jouli 2,400 (jouli ni kipimo cha nishati) kwa pointi. Halafu nikakumbuka kwamba kofi la zombi katika kiwango cha kawaida linaondoa pointi 3, yaani jouli 7,200. Risasi ya AK ikitoka mdomoni mwa bunduki ina kama 2,000. Zombi anazaba makofi yenye nishati ya risasi tatu na nusu, na shati la Steve halina hata mkunjo. Nikaifunga hiyo karatasi.

Kuanguka

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu, na sijutii.

Uzuri wa kuanguka ni kwamba unaweza kukupima mwenyewe, sebuleni, bila kumwamini mtu. Mpwa wangu alijenga mnara wa bloku 20 akaruka, mimi nikairekodi skrini kwa simu nyingine kwa fremu 60 kwa sekunde. Tukairudisha video polepole, fremu moja moja, yeye akihesabu kwa sauti. Zilikuwa 72 tangu miguu ilipoacha ukingo hadi ilipogusa nyasi. Hizo ni sekunde 1.2. Mita 20 hapa kwetu duniani zinachukua sekunde 2.

Maana yake mvutano wa dunia ya Steve si wetu. Ukizidisha mita 20 kwa mbili ukagawanya kwa muda uliozidishwa wenyewe, unapata karibu 28, wakati wetu ni 9.8. Thamani iliyoandikwa ndani ya programu ni 32, ila hewa ya gemu nayo inamkwamisha kidogo, hivyo hesabu ya video inatoka chini yake. Hewa hiyohiyo inamwekea Steve kikomo cha mita 78.4 kwa sekunde hata aanguke kutoka wapi.

Wengi wanakosea hapa. Wanachukua bloku 23, wanatia 9.8, wanasema Steve hufa kwa kuanguka mita 23, basi ni binadamu wa kawaida tu. La. Anagusa ardhi akiwa na mita 32 kwa sekunde. Kuipata kasi hiyo katika dunia yetu ungeruka kutoka mita 52, ghorofa ya kumi na saba hivi. Na akishuka bloku 22, kasi ikiwa mita 31.4 kwa sekunde, anatua juu ya jiwe, anakula kipande cha mkate na kuendelea kuchimba. Mguu haujateguka.

Sasa Master Chief. Deraya yake inatajwa kuwa na uzito wa karibu nusu tani, kwa hiyo nikamweka kilo 500, mtu na vazi pamoja. Kilomita 2 bila hewa zingempa mita 198 kwa sekunde na nishati ya megajouli 9.8, yaani jouli milioni 9.8. Lakini hewa ipo. Kwa mtu wa kilo 500 aliyelala kifudifudi hewani, uso wake wa mita 1 ya mraba ukipigwa na upepo, kasi inagota kwenye mita 90 kwa sekunde hivi. Nishati inashuka hadi megajouli 2. Yaani kusahau hewa kunakuzidishia jibu karibu mara tano. Kuna mashabiki wanaompa kasi ya kitu kinachozunguka dunia, kilomita 7.8 kwa sekunde. Hapo unapata gigajouli 15, yaani megajouli 15,000, zaidi ya tani 3 za kilipuzi cha TNT. Inapendeza kuisoma, ila sehemu kubwa mno ya nishati hiyo inaishia kuchemsha hewa njiani, si kwenye mbavu zake.

Ndiyo maana ukishaifikia kasi ya kikomo, urefu wa anguko haukusaidii tena kwenye hesabu. Mwaka 1972 Vesna Vulović, mhudumu wa ndege wa Yugoslavia, alinusurika baada ya ndege kupasuka mita 10,160 juu ya ardhi. Hakuwa mgumu mara tano ya anayeanguka mita 2,000. Alikuwa amebanwa ndani ya kipande cha ndege, kikatua kwenye mteremko wenye miti na theluji.

Nilikuwa na megajouli 2 za Chief na kilojouli 38 za Steve, nikamwambia mpwa wangu mchezo umeisha, mtu wangu kashinda zaidi ya mara hamsini. Nikainuka kwenda kumimina chai. Nikiwa na kikombe mkononi nikaanza kukihesabu. Robo lita ya maji, iliyopashwa nyuzi 50 juu ya joto la chumba, imebeba kilojouli 52. Kikombe changu cha chai kilikuwa na nishati kubwa kuliko anguko linalomuua Steve. Na megajouli 2 za Master Chief ni kalori 485 za chakula, sahani ya wali na maharage. Nishati peke yake haijawahi kumuua mtu. Kinachoua ni muda na nafasi inayopewa kuingia mwilini.

Kwa hiyo nikarudi kwenye mkeka na swali jingine: huyu anasimama ndani ya umbali gani? Yai likiangukia godoro linabaki zima, likiangukia sakafu linapasuka, na kasi ni ileile. Hesabu yake ni fupi: kasi izidishe yenyewe, igawanye kwa mara mbili ya umbali wa kusimama, halafu gawanya kwa 9.8. Unachopata ni mara ngapi mwili unakuwa mzito kuliko kawaida katika ule mshindo.

Master Chief amechimba udongo. Nimpe mita 1 ya kuzama. Jibu: mara 413 ya uzito wake.

Steve hakunji magoti na jiwe halibonyei. Nimhurumie, nimpe sentimita 10 kati ya soli na nyama. Jibu, kwa bloku 22: mara 503.

Mpwa wangu alicheka mpaka akapaliwa. Kijana mwenye fulana ya bluu, hana kofia, hana deraya, yuko daraja moja na askari wa nusu tani. Ukimzamisha Chief nusu mita badala ya moja, anapanda hadi 826 na uongozi unarudi kwangu. Mnaona udhaifu wa njia hii ulipo: jibu lote linaning'inia kwenye umbali wa kusimama, na gemu nyingi hazichori shimo.

Ili ujue namba hizo zina uzito gani, linganisha na watu wa nyama. Daktari John Stapp wa jeshi la anga la Marekani alijifunga kwenye kigari cha roketi mwaka 1954, kikasimamishwa ghafla, akapata mara 46.2 ya uzito wake. Alitoka hai, macho yamejaa damu. Dereva wa mbio za magari Kenny Bräck alipata ajali Texas mwaka 2003, kifaa cha gari kikarekodi mara 214. Alinusurika, baada ya mifupa kadhaa kuvunjika na matibabu ya miezi mingi. Steve na Chief wote wako mara mbili ya hapo, hawaendi hospitali.

Jambo jingine ambalo kuanguka kunalifichua: unampima mtu au unapima nguo? Ndani ya deraya ya Chief kuna tabaka la jeli, na wenzake pale porini wanalitaja hilo hilo kama lililomwokoa. Sentimita chache za jeli zinagawana mshindo na mwili. Ukitaka ugumu wa Chief mwenyewe huwezi kuupata kwenye tukio hili. Wa Steve unaupata.

Maji je? Katika Minecraft bloku moja ya maji inafuta madhara yote ya kuanguka. Wapiga mbizi wa mita 27 kwenye mashindano ya dunia wanaingia majini kwa kilomita 83 kwa saa, wakitanguliza miguu na mwili umenyooka kama mshale, na bado ni mchezo wa hatari. Matukio ya majini yaache nje ya hesabu.

Mlipuko

Njia hii ndiyo inayopendwa kuliko zote, na naelewa sababu: namba zake ni kubwa. Ukisema mhusika wako kahimili tani kadhaa za TNT, mezani wote wananyamaza.

Asili yake ni ya heshima. Baada ya bomu la kwanza la atomiki kulipuliwa jangwani New Mexico, Julai 16, 1945, picha za mpira wa moto zilitolewa hadharani zikiwa na muda na kipimo cha urefu. Mwanafizikia Mwingereza G. I. Taylor, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1950, alitumia picha hizo kukadiria nguvu ya bomu ambayo bado ilikuwa siri. Chukua nusu kipenyo cha mpira wa moto, mita 140 hivi. Kizidishe chenyewe mara tano. Zidisha kwa uzito wa hewa wa mita moja ya ujazo, kilo 1.2, gawanya kwa muda, sekunde 0.025, uliozidishwa wenyewe. Kikokotoo cha simu kinakupa karibu tani 25,000 za TNT. Kwa miaka mingi makadirio rasmi yalikuwa tani 21,000. Anayekaa na fremu za video akipima mlipuko kwa rula juu ya skrini anafuata nyayo za Taylor, ajue asijue.

Lakini Taylor alikuwa anapima bomu. Sisi tunampima mtu aliyesimama karibu na bomu, na hapo ndipo hesabu za watu zinapoharibika. Nguvu ya mlipuko inasambaa pande zote kama puto linalovimba. Umbali ukiwa maradufu, unachopata kinapungua mara nne. Tani 1 ya TNT ikilipuka mita 10 kutoka kwako, mwili wako wa mbele wenye eneo la mita 0.7 za mraba hivi unakutana na sehemu moja kati ya 1,800 ya nishati hiyo. Ni megajouli 2.3. Umeona? Ni takriban anguko la Master Chief. Anayesema "kahimili tani nzima" amemzidishia mtu wake mara 1,800.

Na hata hizo megajouli si kipimo sahihi, kwa sababu ileile ya kikombe cha chai. Kinachoumiza katika mlipuko ni kanieneo, yaani mgandamizo, ya wimbi la hewa. Ikizidi ya kawaida kwa theluthi moja, ngoma za masikio zinaanza kupasuka. Ikizidi kwa kiasi sawa na kanieneo nzima ya hewa ya kawaida, mapafu yanaanza kuumia. Mita 10 kutoka tani 1 ya TNT inazidi kwa karibu mara 10.

Sasa mlete Steve. Bloku ya TNT ya Minecraft ni mita 1 ya ujazo. TNT halisi ya ujazo huo ina uzito wa tani 1.65. Gemu inasema ukiwa zaidi ya bloku 8 kutoka mlipuko, huumii hata chembe. Kwa fizikia, bloku ya tisa ni mahali ambapo kanieneo inazidi ya kawaida kwa zaidi ya mara 10. Steve amesimama pale, nywele hazijacheza.

Nilifurahi kidogo kwa niaba ya mpwa wangu, halafu yeye mwenyewe akaniharibia. "Mjomba, hiyo TNT siyo TNT. Unaitengeneza kwa baruti tano na mchanga nne." Kweli. Kwenye meza ya kuundia vitu, TNT ya Minecraft ni baruti 5 na mchanga 4, na mchanga haulipuki. Shimo inalochimba ni la bloku chache tu, kitu ambacho tani 1.65 za TNT halisi zingekionea aibu. Ukifuata jina unapata mlipuko mkubwa, ukifuata matokeo unapata mdogo mno. Mimi nafuata matokeo siku zote: shimo, ukuta uliobomoka, vioo. Jina la silaha ni tangazo la aliyeiuza.

Lava

Joto nalipitia kwa sababu watu wa kwetu tuna faida nalo. Rangi ya lava, ule mwamba ulioyeyuka wa volkano, ni kipimajoto. Nyekundu inayoelekea machungwa angavu, kama inavyochorwa kwenye gemu nyingi, ni ya nyuzi 1,000 hadi 1,200, lava ya aina ya Nyiragongo kule Goma. Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, inatoa lava baridi kuliko zote zinazojulikana duniani, nyuzi 500 hadi 600, na mchana inaonekana nyeusi kama oili chafu. Kati ya hizo mbili, mng'ao wa joto unatofautiana karibu mara nane: kama kilowati 218 kwa mita ya mraba kwa ile ya machungwa, 26 kwa ya Lengai. Jua kali la ufukweni ni kilowati 1. Kwa hiyo kabla hujaandika "kahimili lava", tazama rangi.

Steve akitumbukia kwenye lava anapoteza pointi 4 kila nusu sekunde, hana zaidi ya sekunde 2 na kidogo. Kwa mwili wa mita 1.8 za mraba, mng'ao peke yake unamwingizia kilojouli 785 hivi kabla hajafa. Anguko lilimuua kwa 38. Mtu yuleyule, ugumu mara ishirini! Ndiyo yale majibu mawili niliyosema yanapingana, ingawa kiukweli hayapingani. Yanapima vitu viwili tofauti, na hakuna anayekulazimisha kuyatia kwenye safu moja.

Kinachoniudhi kwenye njia hii ni kwamba lava ya gemu haina tabia za lava. Mwamba ulioyeyuka ni mzito zaidi ya mara mbili na nusu ya mwili wa binadamu, kwa hiyo mtu angeelea juu yake, asingezama. Steve anazama na kuogelea. Ukisimama bloku moja pembeni huungui, wakati mng'ao ule ungekuivisha umesimama. Na yule Mario wa Super Mario 64, ya mwaka 1996, akiikanyaga anaruka juu ameshika makalio, kisha anaendelea na safari. Lava kama hiyo ni mchoro wa hatari tu.

Ushike ipi

Kama unayo gemu yenyewe mkononi na unaweza kumrusha mhusika mara nyingi upendavyo, shika kuanguka, na utoe jibu kama mara ngapi ya uzito, usitoe jouli. Pima mvutano wa gemu kwanza. Taja wazi umbali wa kusimama uliokisia, ili mwenzako apinge hapo badala ya kupinga kila kitu.

Kama ulichonacho ni kipande cha video tu, tukio moja la hadithi ambalo huwezi kulirudia, mlipuko unaweza kukufaa kuliko anguko, mradi unaona shimo au jengo lililobomoka na unaona mhusika alikuwa umbali gani. Bila umbali, acha. Namba za uhai zinatosha kwa ubishi wa ndani ya gemu moja. Lava naiacha kwa wanaopenda kushinda zaidi ya kujua.

Ule mfuko wa dhahabu sijausahau. Mpwa wangu aliuhesabu mwenyewe: nafasi 36, kila moja bloku 64, jumla bloku 2,304 za dhahabu, kila bloku tani 19.3. Steve anatembea na tani 44,000 na kidogo. Akianguka bloku 22 na mzigo huo bado anabaki na nusu moyo, na nishati inafika gigajouli 22, juu ya tani 5 za TNT. Nilimkatalia. Mfuko ni huruma ya mtengenezaji wa gemu kwa mchezaji, hauna uzito popote: Steve haongezi kasi ya kuanguka, hachoki, hazami kwenye mchanga. Ukiupa uzito ndani ya anguko, upe na ndani ya kuruka, halafu unieleze miguu yake.

Akakubali, kwa shingo upande. Akanyamaza akijenga kitu kwenye simu. Chuma, chuma, chuma, chuma, boga juu.

"Golemu je? Huyu hana mfuko."

Golemu wa chuma wa Minecraft haumii akianguka, hata iwe urefu gani. Kuku pia haumii, ila kuku anapigapiga mabawa na kushuka polepole, kwa hiyo anatua na kasi ya kuku. Golemu anashuka na kasi yake yote. Ameundwa kwa bloku 4 za chuma, mwili wake ndio huo, siwezi kusema ni mfuko. Mita 4 za ujazo za chuma ni kilo 31,480. Kutoka bloku 250 anagusa ardhi kwa karibu mita 70 kwa sekunde. Megajouli 77, mara 38 ya Master Chief, ingawa mwendo wake wa kutua uko chini kidogo ya mita 90 za Chief. Umbali wa kusimama sikuweza kuukisia, kwa sababu hapakuwa na shimo wala mguu uliokunjika.

Tulimwangusha mara tatu, fremu kwa fremu. Mara zote tatu alitua wima, akageuza kichwa, akaanza kutembea kuelekea kwenye maua. Kichwa chenyewe kilianza na lile boga.

"Andika, mjomba," akasema.